Mutoto anasoma informatique: kazi iko wapi?

Kila mwaka, matokeo ya Examen d'État yakitoka, mu parcelle nyingi za Manika mambo ni yaleyale. Mutoto amepata, watu wamemumwangia poda ku kichwa, jamaa wamekula kuku, na kesho yake asubuhi maswali yanaanza: ataingia faculté gani? Na miaka hii kuna jibu moja lenye tunasikia sana: informatique de gestion. Ukiuliza sababu, baba anasema: « Siku hizi kila kitu ni ordinatere. » Mama anaongeza: « Na pale mutoto atatumika mu kivuli, hatakula mavumbi sawa baba yake. »

Wote wawili wanasema kweli. Sisi wenye tunaandika ukurasa huu hatutaki kumukataza mutoto wa mutu kusoma informatique. Lakini tunaona vijana wenye walimaliza, wako na diplome mu plastiki, na wanashinda mu secrétariat public wakipigia watu barua za kuomba kazi, photocopie na plastification, wakati wao wenyewe barua zao hazijibiwe. Tunaona tena wengine, wa masomo yaleyale, wenye wanakula muzuri. Kwa hiyo tuseme mbele ya wazazi kulipa feza ya mwaka wa kwanza: kazi ya informatique iko hapa Lualaba. Ila haiko pale wazazi wengi wanaitafuta, na diplome peke yake haifungue mulango.

Juu ya nini tunaitafuta pale haiko? Juu tuko watoto wa Gécamines. Hata mwenye alizaliwa kisha Gécamines kuanguka, kichwa chake kilikomea mu nyumba ya Gécamines. Siku ya mwisho ya juma tunaiita mpaka leo siku ya posho, na vijana wengi hawajui tena kama posho ilikuwa unga na samaki wenye wafanyakazi walipokea. Wakati ule, diplome ilikuwa tikiti. Ulisoma, uliingia, ulipata matricule, ulipanda mpaka cadre, na nyuma ya cadre kulikuwa nyumba, hospitali, na masomo ya watoto. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa karibu tani 470 000 za shaba ku mwaka, na ilikuwa na watu zaidi ya 30 000. Baba mwenye aliona ile maisha, akisikia « diplome », anaona nyumba ya cadre.

Kisha wote tunajua. Mu mwezi wa 9 mwaka wa 1990 sehemu ya mine ya Kamoto chini ya udongo ilianguka. Miaka yenye ilifuata ilikuwa ya mishahara yenye haikuja. Mu 2003 na 2004 wazee zaidi ya 10 000 walitolewa kwa ule mupango wa « départ volontaire » wenye Banque mondiale ilitolea feza, hata kama mu parcelle hakuna mwenye aliuona kuwa wa kujitolea. Ile enveloppe, kwa wengine iliisha mu kamyo moja ya zamani, kwa wengine mu masomo ya watoto.

Leo shaba imerudi, tena kwa nguvu yenye wazee hawakuiona. Mu 2024 inchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 3. Ni zaidi ya mara sita ya ile Gécamines ilitoa wakati wake muzuri. Sasa hesabu mwenyewe: je, mu kartie yako watu wenye kontra ya muda murefu wameongezeka mara sita? Hapana. Shaba nyingi inatoka kwa mikono michache, juu kuna mashini kubwa, na juu kuna sisteme zenye zinahesabu mashini. Hapa njo informatique inaingia, na inaingia na nyuso mbili. Inaleta kazi kwa wachache, na palepale inasaidia kampuni kutumika na watu wachache. Mwenye anakuambia uso mumoja tu, anakuuzia kitu.

Tuangalie namna mambo yanapita kweli. Kamyo inatoka mu carrière. Chombo ndani ya kamyo kinaandika safari yake, na mu biro ya dispatch mutu mumoja anaangalia makamyo mengi ku ekra, anaambia huyu aende ku pelle hii, yule aende kunywa mazutu. Kamyo inapita ku balanse, kilo zinaandikwa. Kipande cha udongo kinapelekwa ku labo na numero yake. Wakikosea numero ile, matokeo ya udongo mubaya yanapewa udongo muzuri na hasara ni kubwa. Ku usine, cathode zinafungwa kwa lot, kila lot na uzito wake na karatasi yake. Zinafika Kasumbalesa, na ku douane DGDA inapokea déclaration mu programu inaitwa Sydonia. Nyuma ya mambo haya yote kuna magasin yenye pneu, mafuta na vipuri, mishahara, badge za ku mulango, kamera.

Kila pahali pale tumetaja, kuna mutu mbele ya ordinatere. Lakini angalia jina la kazi yake. Hawamuite informaticien. Wanamuita dispatcher, magasinier, agent de pesage, planificateur wa maintenance, déclarant en douane. Wanamuchukua juu anajua kitu: anajua vipuri vya kamyo, anajua labo, anajua karatasi za douane. Na juu ya kile kitu, anajua ordinatere. Mutoto mwenye anajua ordinatere tu, bila kitu cha kuiwekea ndani, anapigana na wenzake wote ku mulango mumoja wenye umeandikwa « Service informatique ». Na nyuma ya mulango ule, hata ku kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi, wanakaa watu wachache sana.

Ni wachache juu sisteme zenyewe zilikuja tayari, zimefungwa mu karto. Wenye walizitengeneza wako mbali: Afrika ya Kusini, Australia, China. Siku sisteme inagonjwa, injinia anaingia kwa enternete kutoka kule, anatengeneza, anatoka, na huku kwetu mutu amebaki wa kusema « sasa inatumika ». Ni sawa na M-Pesa. Ilizaliwa Kenya mu 2007, ikafika kwetu kupitia Vodacom mu 2012, na leo kila kona ya Kolwezi kuna kijana mu kabine na parasol. Ni kazi, hatuicheki, watu wanakula. Lakini kijana wa kabine hakuitaji diplome ya informatique, na mwenye anatengeneza sisteme haikae chini ya parasol.

Sasa tuingie ku masomo, na hapa tutakasirisha watu.

Kuna masomo ya juu yenye yanafundisha informatique kwa tableau na chaki. Profesere anachora ekra, anachora boutons, wanafunzi wanachora mu cahier. Mwaka unapita, mutoto amegusa mashini mara chache, tena wakiwa wanne ku ordinatere moja, na siku ya TP umeme haiko. Laini kubwa ya umeme ya Inga inatembea kilometre 1 700 na inaishia hapa, Kolwezi. Umeme unafika ku mulango wetu, unapita kwenda ku usine, na mutoto wa informatique anasoma base de données kwa mushumaa. Hatutaji masomo gani. Wazazi wanajua, wanafunzi wanajua, na wakubwa wa masomo wanajua kutushinda.

Tena kuna ile kazi ya mwisho, TFC ao mémoire. Ukipita mu bibliothèque ya masomo yetu utaona vichwa vya habari vyenye vinafanana sawa mapacha: « Conception et réalisation d'une application de gestion des stocks, cas ya kampuni fulani. » Mutoto anaenda ku kampuni, anapewa historique na organigramme, anarudi, anachora michoro ya méthode Merise, anatengeneza kadirisha kadogo mu Access, jury inapiga makofi, jamaa inapiga picha. Ile application haijapimwa hata siku moja ku depo ya kweli. Inalala mu CD nyuma ya kitabu. Sisi tunauliza: mbona cas ni kila mara kampuni kubwa yenye ina sisteme yake ya kununua, yenye haitaangalia hata ukurasa mumoja? Mbona cas haiko centre de santé ya kartie, wenye wangali wanatafuta fiche ya mugonjwa mu karto? Mbona haiko mama mwenye depo ya unga, mwenye anaibiwa kila mwezi juu hesabu iko mu kichwa? Mutoto mwenye atafika mu interview na kusema « programu yangu inatumika tangu miezi minane ku depo tatu, mupigie mama huyu simu », huyo ameleta kitu chenye jury haiwezi kumupa.

Kwa hiyo, mbele ya kulipa, baba na mama muende wenyewe ku masomo. Musimutume mutoto, juu wataangalia mutoto na kumupa karatasi ya kujaza. Muulize: mashini ngapi zinatumika leo, hazijafunikwa na bâche? Mutoto atazigusa saa ngapi ku juma? Umeme ukikatika, kuna groupe ao panneau? Nani anatafuta stage, masomo ao muzazi? Na tangu mageuzi ya LMD, yenye ilianza na mwaka wa masomo 2021-2022, licence ni miaka 3, haiko tena graduat ya 3 na licence ya 2. Basi muulize wamekata nini na wameacha nini. Wakijibu « tutaona », mutafute pengine. UNIKOL iko, ISTA iko, Lubumbashi iko, na INPP iko kwa mwenye anataka ufundi wa miezi badala ya miaka. Mutoto mwenye alisoma umeme kwanza, kisha akaongeza réseau, huyo tunaona hakai siku nyingi bila kuitwa: kamera za parcelle, panneau za jua, antene, waya za biro. Anaingia ku toiture, anatoa jasho, analipwa jioni. Wazazi wengi wanaona ni kazi ya chini. Sisi hatuoni vile.

Feza pia. Tunajua mushahara wa mu mine unagawanywa namna gani kati ya bukari, nyumba, malalo ya jamaa na masomo. Minerval ni mwanzo tu. Kuna syllabus, kuna frais ya labo hata pale labo haionekane, kuna usafiri, kuna frais ya dépôt ya TFC, na kuna siku ya défense na costume yake na vinywaji vyake. Tuna wazo letu, mwenye halipendi atuandikie: ordinatere ya mukono wa pili, yenye mutoto atakuwa nayo ku nyumba tangu mwaka wa kwanza, ina faida kuliko vinywaji vyote vya siku ya défense. Mutoto wa informatique bila ordinatere ni sawa shofere mwenye alifundishwa kwa picha. Na parcelle, musiuzishe. Tumeona parcelle yenye iliuzishwa kwa masomo ya mutoto mumoja, na wale wadogo wanne nyuma yake wakabaki wapangaji.

Tena luga. Programu nyingi na vitabu vyake viko mu Kiingereza. CMOC iko Tenke na Kisanfu, Zijin iko Commus, Sicomines iko palepale. Ku biro nyingi chef wa kwanza anasema Kichina. Kijana mwenye anaongeza Kiingereza cha kueleweka, ao Kichina kidogo, anasikilizwa mbele ya mwenye alama kubwa. Haiko haki sana, lakini njo vile.

Sasa stage, yenye kwetu sisi njo moyo wa mambo. Mutoto hawezi kujua dispatch bila kuona dispatch. Lakini stage imekuwa soko. Bila mujomba ndani, barua inalala ku réception. Mwenye anaingia, wengi wanakaa mwezi mumoja wakitembeza karatasi na kununulia wakubwa mikate, kisha wanapewa attestation na cachet. Na kwa wasichana kuna ingine yenye wazazi wanaijua na hawaiseme mu sauti: yule mwenye cachet anaomba kitu kingine mbele ya kupiga. Mama mwingi amemuchagulia binti yake informatique juu aliona ni kazi ya heshima, mbali na carrière. Tuiseme basi: ile kuombwa ni kosa lenye sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka wa 2006 inalipeleka ku tribunal. Binti akirudi ku nyumba na kusema « nimeacha stage », mumuulize vizuri juu ya nini, mbele ya kumugombeza juu ya feza.

Ku kampuni hatuombe huruma. Code minier ya 2018 inasema wamiliki wa mines watoe, angalau, 0,3 ku mia ya mauzo yao yote kwa maendeleo ya watu wenye wanaikala karibu, na ndani ya kamati zenye zinaangalia ile feza kuna watu wetu. Mpaka sasa, wakisema maendeleo, akili inaenda mbio ku majengo: madarasa, soko, centre de santé. Majengo ni muzuri, yanaonekana, yanakatwa ruban. Lakini labo moja yenye mashini arobaini, na panneau za jua zake, na fundi wa kuzilinda, haiwezi kuwa maendeleo? Na viti vya stage vya miezi sita, vyenye vinatangazwa ku mulango ili kila mutoto aone, viti vya dispatch, vya magasin, vya labo, kampuni ingepoteza nini? Kuna tena sheria ya sous-traitance ya tarehe 8 mwezi wa 2 mwaka wa 2017, yenye inaachia kampuni za Wakongomani kazi za sous-traitance. Kufunga réseau, kulinda kamera, kutengeneza ordinatere za biro, hizo ni kazi zenye vijana watano wenye diplome na karatasi za kampuni ndogo wangeweza kufanya. Leo mara nyingi tunaona jina la Mukongomani ku karatasi, na mwenye kampuni kweli ni mwingine.

Mwenye amepata kazi, asome kontra yake. Vijana wengi wa ordinatere wanachukuliwa na sous-traitant kwa miezi mitatu, halafu mitatu, halafu mitatu tena, na wanaona ni bahati. Code du travail ya 2002 inasema kontra ya muda wa kuhesabiwa haipite miaka 2, na haifanywe upya zaidi ya mara moja. Kujua programu zote za dunia na kutojua mustari ule mumoja, ni kujinyima.

Kitu kimoja kinatufanya tuendelee kusema masomo haya yana maana, na tulikiacha mpaka hapa juu watu hawakiwaze. Mine inaweza kusimama. Mutanda ilisimama mwisho wa 2019 kobalti ilipoanguka bei, ikarudi kisha. Mu mwezi wa 2 wa 2025 Serikali yenyewe ilifunga kutosha kobalti inje ya inchi, na mu mwezi wa 10 ikafungua kwa quota. Siku kama zile, shofere wa dumper yenye tani mia hana pahali pa kuendesha dumper mu muji. Mwenye anajua kupanga hesabu mu ordinatere anaweza kugonga ku banki, ku hospitali, ku masomo, ku depo, ku agence ya transit. Hatasema mushahara ni uleule. Lakini ufundi wake hauko umefungwa ku bei ya kobalti ya London.

Inscriptions zitafunguliwa, na wazazi watapanga tena mustari. Tunaomba wenye watoto wao walimaliza informatique tangu 2015, mwaka wenye Lualaba ilikuwa provinsi, watuletee ku rédaction karatasi moja: mwaka alimaliza, miezi ngapi alikaa bila kazi, leo anatumika nini, kwa kontra gani, na ufundi gani ingine anaujua. Majina hatutayaandika. Kampuni na masomo wenye wanataka kujibu, ukurasa uko wazi, ila walete hesabu ya mashini na hesabu ya viti vya stage, wasilete calendrier na stylo.